Kabla Hujanunua Raifo ya Mjerumani

Huku kwetu Mwika, Kilimanjaro, kitu chochote cha kale chenye chuma kizito huitwa cha Mjerumani. Nyundo ni ya Mjerumani, kengele ni ya Mjerumani, hata cherehani ya bibi iliyotoka Uingereza nayo ni ya Mjerumani. Ukishalitamka neno hilo hakuna anayeuliza zaidi, maana kila mtu amekubali kwamba kitu hicho hakivunjiki. Kwa nyundo neno hilo halina madhara. Kwa bunduki linaweza kukuachia jicho moja, au likakupeleka gereza la Karanga ukakae na wafungwa.

Naandika haya kwa sababu ya swali ambalo sasa naulizwa mara nyingi, ama baada ya ibada ama njiani kutoka sokoni: "Kaka, kuna raifo ya zamani inauzwa, ya bolti, nzuri sana. Niichukue?" Majibu niliyonayo nilipewa na baba yangu mdogo. Uwindaji ulipofunguliwa tena nchini mwaka 1978, baada ya miaka 5 ya marufuku, alikwenda kufanya kazi ya kubeba bunduki za wageni porini, akaifanya mpaka magoti yakamkatalia. Hakuwa na bunduki yake mwenyewe hata siku moja. Lakini ungemwekea kumi mezani angekuambia ipi imetunzwa na ipi imedanganywa rangi. Alikuwa na mpangilio wake wa kuangalia, nami sijaona ulio bora: karatasi kwanza, kisha mtutu, mbao mwisho kabisa. Wanunuzi wengi huanza na mbao. Huona kitako kinang'aa, wakawa wameshapenda.

Kwa hiyo tuanze na karatasi. Silaha nchini husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na bunduki ya mwaka 1910 haina msamaha wowote kwa sababu ya uzee wake. Muuzaji halali ana leseni yenye jina lake, aina ya silaha, kaliba na namba. Bunduki yenyewe kwa kawaida ina namba mbili: ile ya kiwandani, na namba ya usajili wa nchi yetu inayoanza na herufi TZ CAR. Ziandike zote mbili, uzilinganishe na leseni tarakimu kwa tarakimu, kisha nenda nazo polisi wilayani ukaulize kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Maombi yako mwenyewe ya kumiliki nayo huanzia chini, kwenye serikali ya kijiji au mtaa ambako tabia yako inajulikana, halafu hupanda. Bunduki haihami mkono mpaka kibali kitoke. Muuzaji akikuambia, "Chukua tu, karatasi tutamalizia baadaye," simama, muage kwa heshima, uondoke.

Namba iliyosuguliwa ni jambo zito zaidi. Pitisha kidole mahali namba inapopaswa kuwa. Ukikuta bonde dogo laini, au namba mpya imegongwa kwa herufi zisizolingana mstari, hapo hakuna mazungumzo ya bei tena. Toa taarifa polisi.

Na kuna hili la urithi, ambalo vihambani kwetu, yaani kwenye mashamba ya ukoo, ni la kawaida kuliko ununuzi wenyewe. Mzee anafariki, matanga yanaisha, ndipo bunduki inapatikana darini imefungwa kwa gunia la kahawa. Kijana mmoja wa ukoo anaamua ni yake, mwingine anaitafutia mteja. Leseni ya marehemu haikurithishi bunduki. Ipelekeni polisi, au kama hata kuigusa mnaogopa, waiteni waje, halafu mwenye kuitaka aombe kwa jina lake. Kama haikuwahi kusajiliwa kabisa, fahamuni kwamba serikali imewahi kutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Usimnunulie mtu bunduki ya darini kwa huruma. Unajinunulia kesi yake.

Karatasi zikiwa safi, ndipo tunaingia kwenye chuma. Fungua bolti, angalia chemba, ingiza kidole uhakikishe ni tupu, kisha toa bolti yote uiweke pembeni. Fanya hivyo hata kama muuzaji amekufanyia mbele ya macho yako. Kwa baba mdogo hiyo ndiyo iliyokuwa salamu ya bunduki, na mtu asiyesalimu hakuruhusiwa kushika.

Sasa, je, kweli ni ya Mjerumani? Hapa Kilimanjaro zipo njia mbili za kuwa hivyo, nazo hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni Mauser ya mwaka 1871, ile ambayo askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa nayo vita vilipoanza mwaka 1914. Utaitambua kwa tundu kubwa la mtutu, milimita 11, na kwa kuwa haina magazini: unaingiza risasi moja, unapiga, unaanza upya. Ilitengenezwa kwa baruti nyeusi yenye moshi. Hiyo ni kumbukumbu ya historia. Usiipige kabisa, na usimlipe mtu bei ya bunduki ya kuwindia kwa ajili yake.

Njia ya pili ndiyo inayostahili fedha yako: Mauser ya muundo wa 1898. Raifo nyingi za bolti duniani, za Waingereza, za Wacheki na za Wamarekani, zimezaliwa na mchoro huo. Tazama bolti yake. Mbele ina meno mawili manene yanayojifunga ndani ya chuma, na nyuma karibu na mkono lipo jino la tatu la akiba. Ubavuni pana ukucha mrefu wa chuma cha springi, unaokaribia urefu wa bolti nzima. Ukucha huo huikamata risasi mara inapotoka kwenye magazini na hauiachi mpaka ganda litupwe nje. Ndiyo maana wawindaji wa nyati waliupenda: hata ukihamaki ukairudisha bolti nusu njia, risasi haipotei wala haijipangi mbili. Nyuma kabisa ipo sefti ya bawa inayolala kushoto au kulia.

Wauzaji husema Mauser ni Mauser. Si kweli, maana nyingine zilitengenezwa kwa uwindaji tangu mwanzo kwenye kiwanda cha Mauser kule Oberndorf, na nyingine ni za jeshi zilizokuja kuchongwa baadaye ziwe za kuwindia. Angalia ukuta wa kushoto wa kasha la bolti, pale risasi zinapoingilia. Ya jeshi ina kipande kilichokatwa kama nusu mwezi, cha kupisha kidole gumba cha askari anaposukuma risasi tano kwa mkupuo. Ya kiwanda cha uwindaji kwa kawaida haina mkato huo. Ya jeshi si mbaya, zipo zilizochongwa na mafundi bora wa Ulaya. Ila bei yake haipaswi kuwa sawa, na mtu anayekudai bei ya Oberndorf huku mkato unakutazama, ama hajui anachouza ama anajua sana.

Kuna kaliba moja ambayo naiona kama ndugu yetu. Mwaka 1905 fundi bunduki wa Berlin aitwaye Otto Bock alitengeneza risasi ya 9.3x62 akiwafikiria walowezi wa makoloni ya Wajerumani Afrika, hii nchi yetu ikiwemo. Walihitaji bunduki ya bei nafuu, inayoingia kwenye Mauser ya kawaida bila kubadilisha chuma, lakini yenye nguvu ya kumwangusha mnyama mkubwa anayevamia shamba. Alifaulu kiasi kwamba risasi hiyo inatengenezwa hadi leo. Ukiikuta raifo ya 9.3x62 yenye mtutu mzuri na karatasi safi, usiicheke kwa uzee wake. Ikiwa risasi zake unazipata, ingekuwa ya kwanza kwenye orodha yangu.

Waingereza nao waliacha zao. Raifo ya .303, iwe ya jeshi au iliyopunguzwa mbao, utaitambua kwa magazini ya risasi 10 inayochomoza chini, na kwa springi inayokaza unapofunga bolti. Mauser ya 98 hukaza unapofungua. Rigby wa London alitumia bolti za Mauser zenyewe, na .275 yake ni risasi ileile ya Kijerumani 7x57 iliyovikwa jina la Kiingereza. W.D.M. Bell alijulikana kwa kuua tembo wengi kwa .275 akiwa Karamoja, Uganda, na hadithi yake imewaponza wengi. Yeye alikuwa mpigaji wa ajabu wa zama nyingine. Kwa nyati, kipimo cha chini kinachokubalika ni .375, iliyotolewa na Holland & Holland mwaka 1912. Kuna .404 ya Jeffery, iliyotumiwa sana na maofisa wa wanyamapori wa enzi za wakoloni, na .416 ya Rigby ya mwaka 1911. Kwa Wamarekani kuna Winchester Model 70, ambayo wajuzi hutafuta zile za kabla ya 1964. Njia rahisi ya kujua ni namba ya kiwandani: kuanzia 700,000 kwenda juu ni za baada ya mabadiliko, ambapo kiwanda kiliacha ule ukucha mrefu. Na kwa Wacheki kuna BRNO, familia ya ZKK, ambazo kwa maoni yangu ndizo bunduki za kazi zisizo na majivuno kuliko zote. ZKK 602 ya .375 au .458 si nzuri kwa macho, chuma chake ni kinene na triga yake ngumu kidogo, lakini inavumilia.

Jina la kiwanda halitoshi. Mwombe fundi avue mbao ausome mtutu kwa chini, maana huko ndiko Wajerumani walikogonga mihuri ya majaribio: herufi zenye taji juu yake, na mara nyingi namba mbili kama 4 na 28, yaani mwezi na mwaka bunduki ilipojaribiwa. Ukiona muhuri wa N yenye taji, ilijaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi. Za Waingereza huandikwa uzito wa risasi na kiasi cha baruti kwenye mtutu wenyewe. Bunduki isiyo na muhuri wowote wa majaribio siitaki nyumbani kwangu.

Sasa nifike mahali ambapo nataka usome polepole. Miaka michache iliyopita mtoto wa shangazi yangu alikaribia kununua Mauser nzuri mno, mbao ya mwalnati, triga mbili za Kijerumani, imeandikwa "8 mm" basi. Muuzaji alimpa na boksi la risasi za 8x57 JS, akamwambia ni zawadi. Zinaingia chemba bila shida, bolti inafunga laini. Tatizo ni kwamba kuna 8x57 za aina mbili. Ya zamani, iliyoandikwa J, ambayo kwa kweli ni I ya mwandiko wa kale wa Kijerumani, ina kichwa cha milimita 8.08 hivi. Ya baadaye, yenye S, ina kichwa cha milimita 8.22. Tofauti ni kama unene wa karatasi moja na nusu. Jeshi lilihamia kwenye S mwanzoni mwa karne iliyopita, lakini mafundi waliendelea kwa miaka mingi kutengeneza raifo za uwindaji zenye mtutu mwembamba wa zamani. Ukipiga S kwenye mtutu wa J, kichwa kinalazimishwa kwenye tundu lisilokitosha na shinikizo linapanda kupita kiasi. Kinachofuata kinatokea sentimita chache kutoka usoni pako. Fundi tuliyempelekea alisukuma kipande laini cha madini ya risasi ndani ya mtutu, akakipima kwa maikromita. Ilikuwa J. Kijana alinyamaza muda mrefu, halafu akarudisha boksi la zawadi.

Basi kanuni yangu ni hii: usiamini boksi, usiamini maandishi ya wino kwenye kitako, na usiamini kwamba risasi ikiingia ndiyo yake. Mtutu upimwe. Mitutu mingine ilipanuliwa chemba au ilibadilishwa kaliba baadaye bila mtu kugonga maandishi mapya.

Kwenye mtutu huohuo, ukishatoa bolti, weka karatasi nyeupe upande wa chemba uangalie kwa kupitia mdomoni, kisha geuza. Pitisha kwanza kitambaa kikavu, maana mafuta mazito huficha makovu, na wauzaji wengine hulijua hilo. Mitaro ya mzunguko inapaswa kuwa na kingo kali kutoka mwanzo hadi mwisho. Risasi za zamani zilikuwa na fataki zenye chumvi inayovuta unyevu, na bunduki isiyosafishwa jioni ileile iliamka na kutu. Makovu madogo yaliyotawanyika naweza kuyasamehe, kwa sababu raifo nyingi za namna hiyo bado hupiga vizuri. Pete nyeusi sehemu moja ya mtutu siisamehe, maana yake mara nyingi ni kwamba ilipigwa kukiwa na kitu kimeziba ndani na chuma kikavimba. Pitisha vidole nje ya mtutu mahali hapo, utaisikia nundu. Chunguza pia mdomo. Waliosafisha kwa fimbo ya chuma kutokea mbele wameuchakaza upande mmoja, na risasi inayotoka kwenye mdomo usio duara haiendi unakoilenga.

Bolti irudishwe, chemba ikiwa tupu. Funga sefti, vuta triga kwa nguvu, achia. Sasa fungua sefti bila kugusa triga. Pini ikipiga hapo, bunduki hiyo ni ya kwenda kwa fundi. Funga bolti tena, gonga kitako kwa kiganja; pini isipige. Kwenye triga mbili za Kijerumani, ile ya nyuma hukaza ya mbele iwe nyepesi kama unyoya. Ikaze, kisha gonga kidogo, uone kama inashika. Nyingi zimechakaa hapo.

Namba kwenye bolti zilingane na za kasha. Zisipolingana, si lazima bunduki iwe mbovu, lakini bolti ya bunduki nyingine huenda ikaacha nafasi kubwa mno nyuma ya risasi. Fundi mwenye leseni ana geji za kupimia nafasi hiyo. Nawe una ushahidi mwingine: omba kuona maganda yaliyopigwa na bunduki hiyo. Ganda lenye pete inayong'aa karibu na kitako chake liko njiani kukatika vipande viwili. Fataki iliyochomoza nje inasema habari ileile.

Mbao, nilisema, mwisho. Angalia nyufa nyuma ya kasha la bolti na kwenye shingo ya kitako, hasa kwa .375 kwenda juu, kwa sababu teke lake hupasua mbao taratibu. Mbao iliyokunywa mafuta ya bunduki miaka mingi huwa nyeusi na laini, ukucha unaingia. Mkwaruzo wa mwiba wa porini hauna ubaya wowote.

Kabla ya kukubali, uliza duka la silaha lenye leseni Arusha au Dar es Salaam kama risasi zake zinapatikana, na usimeze jibu la "zitakuja". Wengi wamenunua .318 ya Westley Richards kwa uzuri wake, sasa imekaa miaka bila risasi hata moja. .30-06, .308, .375 na .458 hazikupi shida hiyo. Na kama unanunua ili uwinde, kumbuka kwamba bunduki na leseni yake si kibali cha kuwinda. Hicho kiko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Msitu ulio juu yetu hapa umekuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro tangu 2005, kwa hiyo usidhani utavuka mpaka wa kihamba ukapige digidigi.

Majaribio ya kwanza yafanyike kwenye uwanja unaoruhusiwa, fundi akiwepo, bunduki ikiwa imefungwa kwenye stendi na triga ikivutwa kwa kamba, watu wakiwa nyuma ya kinga. Risasi tatu zinatosha. Okota maganda yote matatu uyachunguze kabla hujaweka bega lako.

Ikifika nyumbani, iwe ndani ya kabati la chuma lililofungwa, risasi mahali pengine penye ufunguo mwingine. Mwika si Moshi mjini. Kuanzia masika hadi ukungu wa Julai, unyevu huku unaingia hata kwenye chumvi ya jikoni. Muuzaji huenda akakupa ala ya ngozi ya zamani iliyoshonwa vizuri, na utatamani kuiacha bunduki humo. Ngozi hunywa maji na kuyahifadhi. Ala hiyo itundike ukutani kama pambo, na bunduki ipake mafuta mepesi, uifute kila Jumamosi wakati wa mvua, mdomo wa mtutu ukitazama chini ili mafuta yasishukie kwenye mbao.